Kuzuia, Kutenga na Kuruhusu katika Lugha ya Kiingereza

Katika desturi za watu wa pwani, mgeni hasukumi mlango. Hupiga hodi, akangoja. Na aliye ndani humjibu karibu, au hunyamaza. Hodi tatu zikipita pasipo jibu, mgeni mwenye adabu hurudi alikotoka. Hakuna aliyemkataza, wala hakuna aliyemfungia mlango, walakini hakuingia. Jambo hili dogo lina fundisho kwa asomaye Kiingereza, kwa kuwa laonyesha kwamba kati ya mlango uliofunguliwa na mlango uliofungwa pana hali nyingi, na kila hali yastahili jina lake.

Kiingereza kina majina mengi ya hali hizo. Upande mmoja yapo “exclude”, “preclude”, “prevent”, “hinder”, “forbid”, “prohibit”, “bar” na “ban”. Upande wa pili yapo “let”, “allow”, “permit”, “suffer”, “leave”, “license” na “sanction”. Mwanafunzi akiuliza maana yake, aghalabu hupewa maneno mawili tu: kuzuia kwa upande wa kwanza, kuruhusu kwa upande wa pili. Jibu hilo si uongo, lakini ni sawa na kusema kwamba samaki wote wa baharini ni kitoweo. Ni kweli kwa mlaji, haimtoshi mvuvi. Mfasiri, mwanasheria na mhakiki ni wavuvi wa maneno, nao hawana budi kumjua kila samaki kwa mwamba akaao. Kila neno katika hayo lajibu maswali matatu kwa namna yake: ni nani azuiaye au aruhusuye, afanya hivyo lini, na kizuizi chake kimesimama wapi. Afasiriye pasipo kuuliza maswali hayo huweza kupata sentensi iliyo sawa na hukumu isiyo sawa.

Yafaa kuanza na neno fupi, “let”. Msomaji wa leo hulijua kuwa ni neno la kuruhusu. Lakini katika tamthilia ya Hamlet, iliyotungwa na Shakespeare karibu na mwaka 1600, mwana wa mfalme ashikwa na wenzake wasiotaka aufuate mzimu wa baba yake, naye atishia kumgeuza mzimu yeyote amtendeaye tendo liitwalo kwa neno hilo. Asomaye kwa maana ya leo atadhani Hamlet ataka kumuua amruhusuye kwenda. Kumbe amtishia amzuiaye. Neno moja, herufi zile zile tatu, limebeba maana mbili zinazopingana.

Sababu yake ni ya historia. Katika Kiingereza cha kale yalikuwako maneno mawili. La kwanza, “lætan”, lilikuwa na maana ya kuacha na kuruhusu. La pili, “lettan”, lilikuwa na maana ya kuchelewesha na kuzuia, nalo ni ndugu wa neno “late” la leo. Matamshi yalipobadilika, maneno hayo yakakutana katika sauti moja. Wataalamu wa asili za maneno huyarudisha yote mawili nyuma zaidi, kwenye shina lenye maana ya kulegea: alegezaye kamba huruhusu, na aliyelegea mwenyewe huchelewa. Mapacha hao hawakuweza kukaa nyumba moja siku zote. La kuruhusu likashinda, na la kuzuia likatoweka katika mazungumzo, likabaki katika pembe chache kama magofu ya mji. Limo katika mchezo wa tenisi, mpira wa kuanzia unapogusa wavu kabla ya kuanguka mahali pake. Limo katika pasipoti ya Uingereza, ambamo serikali yataka mwenye kitabu apite pasipo “let” wala “hindrance”. Na wengi wakibebao hawajui kwamba neno la kwanza lina maana ya kizuizi kama la pili.

Mswahili asiharakishe kucheka, maana neno kuacha lina mambo ya namna hiyo hiyo. Mama amwambiapo mtoto achezeaye moto, “Acha!”, hilo ni katazo. Amwambiapo kaka mtu amvutaye mdogo wake mkono asiende kucheza, “Mwache!”, hiyo ni ruhusa. Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili iliyotolewa mwaka 1952, iitwayo Union Version, walilitumia neno kuacha kwa maana hiyo ya pili katika habari ya Yesu na watoto wadogo, na hakuna msomaji aliyechanganyikiwa. Kwa nini? Kwa kuwa tendo lenyewe ni moja, nalo ni kuondoa mkono. Katika acha la kwanza aambiwaye ndiye atendaye, naye ataka mkono wake uondoke juu ya jambo. Katika acha la pili aambiwaye ndiye azuiaye, naye ataka mkono wake uondoke juu ya mtu. Kiswahili hakikuhitaji kuua maana moja ili kuiokoa nyingine. Kilitosheka kuonyesha mkono ni wa nani na umeshika nini. Hapo swali la kwanza, la nani, limejibiwa ndani ya sarufi.

Swali la pili ni la wakati, na neno lake ni “prevent”. Neno hili limetoka katika Kilatini, na asili yake ni kuja kabla, yaani kutangulia. Katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 bado lina maana hiyo. Mwimbaji wa Zaburi ya 119 aamka na kuomba kabla ya kucha, na tendo lake la kuitangulia alfajiri laitwa kwa neno hilo. Msomaji wa leo asiyejua historia ataona mbele yake mtu wa ajabu aliyelizuia jua lisichomoze. Njia iliyopita kutoka maana ya zamani hadi ya leo si ndefu: amtanguliaye adui yake kivukoni humzuia kuvuka. Maana ya kutangulia haikufa. Imeingia ndani ya neno kama chumvi katika mchuzi. Ndiyo maana “prevent” si sawa na “stop”. La pili husimamisha jambo lililokwisha kuanza, na la kwanza huwahi kabla halijaanza. Katika Kiswahili, atakaye kuieleza tofauti hiyo hana haja ya kwenda mbali. Kuziba ufa kabla ya kujenga ukuta ni jambo la neno la kwanza. Kulikamata shikio la punda aliyekwisha kutimua mbio ni jambo la neno la pili. Kukinga, kuepusha na kutahadhari ni jamaa za wakati wa kabla. Kuzuia ni neno la nyakati zote, nalo kwa hiyo ni la kuangaliwa.

Kwamba jambo hili si mchezo wa wasomi, sheria yaonyesha. Mwaka 1962 Tanganyika ilipata sheria iliyoitwa kwa Kiingereza Preventive Detention Act, iliyotoa mamlaka ya kumshika mtu na kumweka pasipo kumfikisha mbele ya hakimu, endapo alihofiwa kuhatarisha usalama. Katika maneno ya Kiswahili mtu huyo husemwa kuwa amewekwa kizuizini. Usemi huo ni mzuri na umekwisha kuota mizizi, lakini waeleza mahali tu: mtu yuko katika kizuizi. Jina la Kiingereza laeleza zaidi, tena pengine zaidi ya walivyotaka walioliandika. Neno la kwanza lakiri kwamba mtu huyo ameshikwa kabla ya tendo. Hakuadhibiwa kwa alilolifanya. Ametanguliwa katika lile ambalo angaliweza kulifanya. Ambaye hajatenda hana shahidi wa kumwokoa, maana hakuna tukio la kushuhudiwa. Ubishi wote juu ya sheria za namna hiyo, katika nchi yoyote, umo ndani ya kiambishi kile cha Kilatini chenye maana ya kabla; na afasiriye kwa neno kizuizi peke yake amewanyima wasomaji wake nusu ya ubishi.

Swali la tatu ni la mahali: kizuizi kimesimama wapi? Hapa maneno ya Kiingereza yagawanyika makundi mawili, ya kinywani na ya mlangoni. Katika kundi la kinywani limo “forbid”, ambalo asili yake ni kuamuru kinyume. Limo pia “ban”, ambalo hapo kale lilikuwa kutangaza na kuita watu kwa mbiu. Ndugu yake bado husikika makanisani, ndoa itangazwapo ili mwenye pingamizi aseme. Maneno haya yataka mtu mwenye ulimi na mamlaka. Mvua yaweza kuzuia safari, wala haiwezi kuikataza. Kiswahili chajua tofauti hiyo sawasawa: kukataza kumezaliwa na kukataa, na akatazaye ni yule amfanyaye mwingine aache kwa nguvu ya neno. Hata msemo wa kupiga marufuku, kwa kitenzi chake cha kupiga, waleta masikioni sauti ya mbiu ya mgambo. Mfasiri aandikaye kwamba mafuriko “yalikataza” magari kupita amempa mto kinywa asichokuwa nacho; na aandikaye kwamba serikali “ilizuia” gazeti, ilhali serikali ilitoa amri, amemficha aliyesema.

Katika kundi la mlangoni limo “exclude”, ambalo kwa Kilatini ni kufungia nje, na dada yake “preclude”, ambalo ni kufunga mbele ya mtu. Tofauti yao ni tofauti ya mlango na njia. Aliyetengwa kwa neno la kwanza yuko nje ya nyumba ambayo wengine wamo ndani yake. Pasipo wa ndani, neno halina maana. Aliyefungiwa kwa neno la pili huenda hana mwenziwe yeyote: jambo moja limeziba jambo jingine lisiwezekane. Limo pia “bar”, lililokuwa pingo la mlango kabla halijawa la sheria. Hapa Kiswahili kimetembea njia ile ile kwa miguu yake chenyewe, kwa maana kupinga, kipingo na pingamizi ni maneno ya ukoo mmoja, nayo yamepanda kutoka mlangoni hadi mahakamani. Nalo kuengua, ambalo kwa asili ni kutoa povu au mafuta yaeleayo juu ya chungu, leo hutumika kwa mgombea aondolewaye katika orodha. Neno hilo ni kali kuliko la Kiingereza: latoka jikoni, nalo lasema kwamba aliyeondolewa alikwisha kuwa ndani ya chungu.

Maneno ya kuruhusu nayo yana mambo yake. Ruhusa ya Kiingereza haina uso mmoja. Neno “leave”, kwa maana ya idhini, ni la ukoo wa maneno ya kupendeza na kupenda, kama vile radhi na ridhaa katika Kiswahili zitokavyo katika kupendezwa. Aombaye “leave” aomba moyo wa mkubwa wake. Wafanyakazi walilichukua neno hilo wakalifanya livu, lakini katika safari hiyo moyo ulibaki nyuma, zikabaki siku za mapumziko tu. Neno “allow” lilipitia Kifaransa cha kale, na ndani yake yamechanganyika maneno mawili ya Kilatini, la kusifu na la kugawia mtu fungu. Kwa hiyo hata leo posho huitwa kwa jina lililotoka humo. Neno “permit” ni kumwachia mtu apite. Neno “suffer”, katika Kiingereza cha Biblia ile ya 1611, ni kuruhusu kwa kuvumilia: aruhusuye hapendi, ila anabeba. Basi ziko ruhusa za moyo, za fungu, za njia na za uvumilivu. Kiswahili kina ridhaa, idhini, kibali, ruhusa na stahamala. Asemaye kwamba lugha hii haina maneno ya kutosha hakuyahesabu.

Neno la hatari kuliko yote katika kundi hili ni “sanction”. Asili yake ni kulifanya jambo kuwa takatifu na la kufungamana nalo. Kutoka hapo lilipata matawi mawili: kuidhinisha, na adhabu imfikiayo avunjaye lililoidhinishwa. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliiwekea Rhodesia vikwazo mwaka 1966, na kuvizidisha mwaka 1968. Katika Kiingereza vikwazo hivyo huitwa kwa neno lile lile ambalo katika sentensi nyingine lingekuwa na maana ya kibali. Kiswahili kimeamua kutenga: idhini ni idhini, na kikwazo ni kitu cha kujikwaa. Usafi huu wapendeza, lakini una gharama yake. Neno la Kiingereza laonyesha kwamba idhini na adhabu hutoka katika mkono mmoja. Maneno ya Kiswahili huweza kumsahaulisha mtu jambo hilo.

Mambo haya yote yakutana mahali pamoja katika tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliifasiri kwa jina la Mabepari wa Venisi, ikachapishwa mwaka 1969. Jina lenyewe ni ushahidi kwamba mfasiri aliuliza swali la nani: mfanyabiashara mmoja wa jina la Kiingereza amegeuka kuwa wengi, tena wenye tabaka. Kisa chajulikana. Shylock akopesha dukati 3,000, na dhamana yake ni ratili moja ya nyama ya mwili wa Antonio. Wasomaji wengi hudhani tamthilia hii yahusu huruma na haki. Hapana shaka yahusu hayo. Lakini ukitazamwa mjengo wake, ni tamthilia ya ruhusa na mipaka ya ruhusa.

Portia, kabla hajawa mwanasheria wa kujigeuza, ni binti aliyefungwa na wasia wa baba yake: hawezi kumchagua amtakaye, wala kumkataa asiyemtaka. Wachumba wanaruhusiwa kujaribu bahati katika masanduku matatu, lakini ruhusa hiyo imefungwa kwa viapo vitatu: akosaye asimwambie mtu ni sanduku gani alilolifungua, asimpose mwanamke mwingine maisha yake yote, tena aondoke mara moja. Mlango umefunguliwa, na nyuma yake pamewekwa makufuli matatu. Mwanamke aliyelelewa chini ya ruhusa ya namna hiyo ajua jinsi ruhusa inavyofanya kazi. Na asimamapo mahakamani, atumia elimu ile ile. Hamkatazi Shylock. Hilo ndilo jambo la kuangaliwa sana. Hasemi kwamba mkataba ni haramu. Amruhusu, tena kwa ukamilifu wa herufi: nyama ni yake. Kisha aonyesha kwamba aliyepewa nyama hakupewa damu, na aliyepewa ratili moja hakupewa zaidi wala pungufu. Wanasheria wa Kilatini walikuwa na kanuni kwamba kulitaja jambo moja ni kulitenga lisilotajwa. Ruhusa ikiandikwa kwa kalamu nyembamba huwa katazo la yote yaliyobaki.

Lakini Portia ana silaha nyingine, nayo ndiyo imwangushayo Shylock. Venisi yaweka sheria ya pekee kwa mgeni atafutaye uhai wa raia. Kumbe basi, tangu mwanzo, aliyedhani yumo ndani ya mkataba alikuwa nje ya mji. Sheria ilimruhusu kukopesha, kudai na kushtaki, hata ilipofika saa ya hukumu ikamkumbusha kwamba ni mgeni. Hapa ndipo neno “exclude” lionekanapo kwa maana yake ya kwanza, ya kufungia nje, ingawa hakuna aliyepiga kelele mlangoni. Mhakiki aliyeshangilia ushindi wa Portia pasipo kuiona sheria hiyo amesoma nusu ya kesi.

Historia imeurudia mchezo huo pasipo jukwaa. Mwaka 1901 Australia ilitunga sheria ya uhamiaji ambayo haikusema kwamba watu wa rangi fulani wasiingie. Iliweka mtihani wa imla: mgeni aandike maneno 50 yaliyosomwa kwa lugha ya Ulaya, na ofisa ndiye aliyechagua lugha. Kwa sauti, sheria ilikuwa ya kuruhusu: aandikaye aingie. Kwa tendo, ilikuwa ya kutenga, maana asiyetakiwa alisomewa lugha asiyoijua. Mtihani huo uliondolewa mwaka 1958. Marekani ilikuwa imesema wazi zaidi. Sheria yake ya mwaka 1882 dhidi ya Wachina ililibeba neno la kutenga katika jina lililojulikana nalo, hata ilipofutwa mwaka 1943. Mtu aweza kuuliza ni ipi iliyokuwa mbaya zaidi. Yumkini jibu la mhakiki wa maneno ni kwamba zote zilidhulumu, lakini moja iliweza kusomwa na mwenye kudhulumiwa, na ya pili ilimtaka aamini kwamba ameshindwa mtihani.

Afrika Mashariki nayo ina mfano wake, nao wanuka kahawa. Katika Kenya ya ukoloni, ukulima wa zao hilo uliwekwa chini ya kanuni na leseni, na kwa miaka mingi leseni hazikufika mikononi mwa wakulima wa Kiafrika. Mlango ulifunguliwa kidogo katika miaka ya 1930, na kwa upana baada ya mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954. Ng'ambo ya mpaka, katika miteremko ya Kilimanjaro, Wachaga walikuwa wakipanda mche ule ule, wakaunda chama chao cha wakulima mwaka 1925 na chama kikuu cha ushirika mwaka 1933. Dola ilikuwa moja, na lugha ya ofisi ilikuwa moja. Neno leseni laonekana kuwa la kuruhusu, na katika kamusi ndivyo lilivyo. Lakini leseni haina maana mpaka kwanza watu wote wamekatazwa. Ni tundu katika ukuta, na atazamaye tundu asisahau ukuta. Labda ndiyo sababu neno ruksa lilipata utamu wa pekee katika Tanzania ya miaka ya 1985 hadi 1995, hata Rais Ali Hassan Mwinyi akaitwa Mzee Ruksa: watu walisikia katika neno hilo si tundu, bali ukuta ukipunguzwa.

Huenda mtu akapinga kwamba haya yote ni ya Waingereza, na kwamba Kiswahili kingejiepusha nayo kwa kutumia maneno machache yaliyo wazi. Pingamizi hilo lingekuwa na nguvu kama sheria zingekuwa zimeandikwa kwa Kiswahili tangu mwanzo. Sivyo ilivyokuwa. Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilipitisha mabadiliko yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Na sheria nyingi zilizohitaji kuvukishwa zilizaliwa katika Kiingereza, pamoja na mizunguko yake yote. Mzunguko mmoja ni ule usemao kwamba hakuna lolote katika sheria hii litakalozuia jambo fulani, kwa neno “preclude”. Afasiriye kwa haraka huandika kwamba jambo hilo limeruhusiwa. Amekosea. Sheria imesema tu kwamba yenyewe haikuifunga njia. Haikusema kwamba njia i wazi, maana yawezekana sheria nyingine imeifunga mbele zaidi. Kutokatazwa si kuruhusiwa. Mwananchi aliyesomewa tafsiri ile ataondoka mahakamani akidhani ana haki asiyokuwa nayo.

Katika jambo hili waandishi wa Kiswahili wana hazina ambayo Kiingereza cha kila siku hakina. Wanafunzi wa vyuo vya pwani hufundishwa mapema kwamba matendo ya mwanadamu yana hukumu tano: faradhi, ambayo haina budi kutendwa, sunna, ambayo kuitenda ni bora, mubaha, ambalo kulitenda na kuliacha ni sawa, makuruhu, ambalo kuliacha ni bora, na haramu, ambalo halitendwi kamwe. Kati ya ruhusa na katazo zimewekwa ngazi, na kila ngazi ina jina ambalo mtoto hulijua. Neno mubaha ndilo hasa litakiwalo pale sheria isiposema kitu, na neno makuruhu lagusa kile ambacho “suffer” ya zamani ilikijua na Kiingereza cha leo kimekisahau: jambo lisilopendwa, ambalo hata hivyo halikufungwa. Si lazima maneno hayo ya dini yahamishwe mzima mzima hadi katika vitabu vya serikali. Yatosha kwamba yathibitisha jambo moja: akili ya wasemaji wa Kiswahili ilikwisha kuzoea kupima katazo kwa mizani ya pishi na kibaba, si kwa jicho.

Kwa hiyo upungufu, pale uonekanapo, si wa maneno bali wa mazoea. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba neno moja la Kiingereza hujibiwa na neno moja la Kiswahili atabaki na kuzuia na kuruhusu, kama mtu mwenye ufunguo mmoja katika nyumba ya vyumba kumi. Aliyefundishwa kuuliza ni nani, ni lini na ni wapi atagundua kwamba funguo nyingine zilikuwa zimening'inia ukutani siku zote: kukataza na kupinga, kukinga na kuengua, ridhaa na kibali, mubaha na makuruhu. Naye akirudi kwa yule mgeni aliyepiga hodi tatu akaondoka, ataweza kusema lililompata pasipo kuongeza wala kupunguza: hakukatazwa, hakufungiwa, wala hakuruhusiwa, hakujibiwa.